Shingo Zetu Hazifanani

Leo naomba tuzungumze juu ya shingo. Nitasema mapema ninachokitaka, ili mwenye haraka ya kwenda shambani aondoke nacho: usimruhusu mtu yeyote akizungushe kichwa chako kwa ghafla mpaka shingo ilie. Awe kinyozi, awe rafiki, awe mkandaji mwenye sifa kijiji kizima. Mliobaki, kaeni niwaeleze kwa nini.

Siku hizi kijana akiingia kunyoa, iwe Omurushaka, Kayanga au Nkwenda, huku kwetu Karagwe na Kyerwa, kazi haiishii kwenye mashine. Ataoshwa kichwa, atapakwa spiriti, atakandwa mabega, na mara nyingine mwishoni kinyozi atamshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, akigeuze kichwa upande mmoja kwa nguvu na kwa mara moja, ka! Kisha upande wa pili. Mteja hujisikia mwepesi, akalipa, akaenda zake. Wengi hawapati madhara yoyote, na ndiyo maana mtindo huu umeenea. Lakini kinyozi hajui kilichomo ndani ya shingo aliyoishika, na mwenye shingo naye hajui. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu.

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Twiga pia, kwa urefu wake wote ule, ana pingili saba tu. Lakini pingili za shingo zina kitu ambacho pingili za mgongo na kiuno hazina: ubavuni mwa kila moja, kulia na kushoto, kuna tundu. Ndani ya matundu hayo hupanda mshipa wa damu kama uzi unavyopita kwenye shanga. Mishipa hii miwili huanzia chini, nyuma ya mtulinga, ikichipuka kutoka kwenye mishipa mikubwa inayopeleka damu mikononi. Kwa watu wengi huingia kwenye tundu la pingili ya sita, ukihesabu kutoka juu, ikapanda hadi pingili ya kwanza inayobeba fuvu, ile ambayo madaktari huiita atlasi. Hapo mshipa hauendi moja kwa moja. Hukunja kona kuelekea nyuma, ukalala kwenye kijifereji juu ya atlasi, kisha ukapenya tundu kubwa lililo chini ya fuvu. Ndani ya fuvu, wa kulia na wa kushoto huungana wakawa mshipa mmoja.

Mshipa huo mmoja unalisha wapi? Unalisha shina la ubongo, ambako pumzi na mapigo ya moyo huongozwa. Unalisha ubongo mdogo wa nyuma, unaotuwezesha kusimama wima na kutembea bila kuyumba. Unalisha pia sehemu ya kisogoni inayotafsiri kile macho yanachokiona. Ubongo wote una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni inayotumiwa na mwili mzima. Sehemu kubwa ya damu yake hupitia mishipa miwili ya mbele ya shingo, ile unayoihisi ikidunda ukigusa pembeni mwa koo. Ile ya nyuma, inayopita kwenye mifupa, hubeba kama sehemu moja katika tano. Ni fungu dogo, lakini linakwenda mahali ambapo jeraha la ukubwa wa punje ya harage linaweza kumnyima mtu uwezo wa kumeza hata mate yake.

Kwenye vitabu, picha ya shingo ni moja. Kwenye mwili, kila mtu ana ya kwake. Kuna mtu ambaye tundu la kushoto ni pana na la kulia ni finyu, na mshipa wa kulia kwake ni mwembamba tangu kuzaliwa. Kuna mwingine ambaye tundu limegawanyika mawili. Kuna wale ambao mshipa wao hauingii kwenye pingili ya sita bali ya tano, au ya nne, au ya saba. Na kuna wale ambao juu ya ule mfereji wa atlasi mfupa umeota daraja, ukaufunika mshipa, hata ukawa unapita ndani ya handaki la mfupa badala ya kulala kwenye mfereji ulio wazi.

Mabingwa wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi walilichunguza daraja hilo katika mifupa ya atlasi iliyohifadhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mifupa ya watu wa huku kwetu Afrika Mashariki, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Waliyakuta madaraja hayo, mengine kamili na mengine nusu, tena si kwa mifupa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ukijumlisha tafiti za nchi mbalimbali duniani, daraja la aina hii hupatikana kwa takriban mtu mmoja katika kila watu sita. Kwa maana hiyo, katika basi dogo linalotoka Kayanga asubuhi limejaa abiria, huenda humo ndani kuna watatu au wanne wenye handaki hilo shingoni, na hakuna hata mmoja anayejua.

Kuna tofauti nyingine inayotokea chini zaidi: ubavu wa ziada. Badala ya mbavu kuanzia kifuani, mtu huzaliwa na kijibavu kinachochomoza kutoka pingili ya saba ya shingo. Wenye kijibavu hicho hawafiki mmoja katika mia, na wengi wao ni wanawake. Kijibavu hicho kikiwa kirefu kinaweza kuubana mshipa wa mkono, mkono ukawa baridi, ukafa ganzi, ukachoka haraka mtu anapoinua vitu juu. Mara chache sana bonge la damu hujitengeneza pale palipobanwa. Dada anayelalamika kwamba mkono mmoja unakufa ganzi kila anapotwika mzigo au kuanika nguo asiambiwe ni uvivu. Apelekwe akapigwe picha ya eksirei ya shingo na kifua, kwani kijibavu hicho huonekana.

Nisiwatie hofu bure. Watu wengi wenye tofauti hizi huishi hadi uzee na kuzikwa na wajukuu bila shingo kuwasumbua hata siku moja. Mwili umejiwekea akiba. Mishipa ni minne, miwili mbele na miwili nyuma, na chini ya ubongo inakutana katika duara ambalo daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza kwenye kitabu chake mwaka 1664. Mshipa mmoja ukizidiwa, mwingine husaidia kupitia duara hilo. Tatizo ni kwamba duara nalo si kamili kwa kila mtu. Kwa watu wengi kuna kipande chembamba mno au kisichokuwepo kabisa. Basi chukua mtu aliyezaliwa na mshipa mwembamba upande mmoja, na duara lake lina upungufu, na mshipa wake mzuri unapita ndani ya handaki la mfupa. Akiwa ametulia, hana shida yoyote. Anapima presha, iko sawa. Analima, anacheza mpira, anabeba gunia la kahawa. Halafu siku moja mtu akazungusha kichwa chake kwa nguvu kuelekea upande usiofaa.

Kinachotokea ndani ni hiki. Karibu nusu ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa kulia na kushoto uko kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Unapogeuza kichwa kulia, ni mshipa wa kushoto unaovutika zaidi pale kwenye kona ya atlasi. Ukigeuka mwenyewe taratibu, misuli inakuzuia kabla hujavuka mpaka. Mtu mwingine akikugeuza kwa ghafla, misuli imelegea na wewe umefumba macho kwa raha, hakuna wa kuzuia. Ukuta wa mshipa una matabaka. La ndani linaweza kuchanika. Damu hujipenyeza katikati ya matabaka, njia ikawa nyembamba, na palipochanika damu ikaganda. Kipande cha bonge hilo kikimeguka, kinachukuliwa na mkondo hadi kwenye ubongo wa nyuma. Hicho ni kiharusi.

Jambo hili ni nadra. Tafiti za nchi zilizoendelea hukadiria kuchanika kwa mishipa ya shingo kwa watu watatu hivi katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na wengi wao hawakuzungushwa na mtu. Wengine walipata ajali, wengine walikohoa au kutapika sana, wengine hawakumbuki lolote. Lakini ugonjwa huu una ubaya wake wa pekee: huchagua vijana na watu wa makamo. Kwa mtu wa miaka 30 au 40 aliyepata kiharusi, kuchanika kwa mshipa wa shingo ni miongoni mwa sababu ambazo daktari huzitafuta kwanza. Na tofauti na presha, ambayo huja na umri na ukoo, hii ya kuzungushwa shingo tunaweza kuiacha leo hii bila kupungukiwa na chochote. Ule mlio unaosikika ni viputo vya hewa ndani ya maungio. Hautibu kitu.

Dalili za kiharusi cha nyuma ya ubongo zinahitaji kusemwa, kwa kuwa hazifanani na zile tulizozoea. Sisi tukisikia kiharusi tunawaza mdomo kwenda upande na mkono kulegea. Hiki cha nyuma kinaweza kuanza na maumivu mapya ya shingo au kisogo, makali, ya upande mmoja, ambayo mtu anasema hajawahi kuyapata maishani. Kisha, baada ya saa chache au hata siku kadhaa, anaona kizunguzungu kizito, anatapika, anaona vitu viwiliviwili, sauti inakwaruza, chakula kinampalia, anatembea akiyumba kama mlevi. Majirani husema amekunywa. Naomba sana: mtu ambaye hakunywa, akianza ghafla kuyumba na kutapika huku analalamikia shingo, msimlaze ndani asubiri kupoa. Msimpe chai wala uji, kwa sababu huenda hawezi kumeza, vikaingia kwenye mapafu. Mlazeni kwa ubavu, mpelekeni hospitali, na muulizeni, au muulizeni mwenzake, kama shingo yake ilikunjwa au iligongwa siku za karibuni. Jibu hilo mpeni daktari kabla hamjaulizwa, kwani linaweza kubadilisha kipimo atakachoandika.

Kipimo chenyewe ndicho kinachotupa shida. Nyakahanga kwa watu wa Karagwe na Isingiro kwa watu wa Kyerwa ni mahali pa kukimbilia kwanza, na hapo presha itapimwa, sukari itapimwa, mgonjwa atatulizwa. Lakini kuuona mshipa ndani ya mfupa kunahitaji mashine ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, au MRI, na bingwa wa kuzisoma picha. Kwa Kanda ya Ziwa hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea kusubiri kivuko, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye mgonjwa garini. Hata hivyo dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na toka Kaisho au Mabira hadi Mwanza saa hizo hazitoshi. Kwa mtu wa huku, kinga ndiyo tiba anayoweza kuipata kwa wakati.

Nimeulizwa pia na akina mama juu ya mizigo ya kichwani. Hili nalijibu kwa heshima, kwa sababu nusu ya uchumi wa milima yetu umepita juu ya vichwa vya wanawake: maji kutoka mabondeni, kuni, mikungu ya ndizi, kahawa. Mwaka 1986 wanasayansi, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Kenya, walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu. Waligundua kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu ya ziada. Mzigo ukizidi hapo, nguvu ya ziada huanza kutumika. Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Mama mwenye kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Na mlima wa kurudi nyumbani uko palepale.

Utafiti huo ulipima nguvu, haukupima mifupa. Kuhusu mifupa, picha zilizochapishwa mwaka 1997 zilionyesha kuwa waliobeba mizigo kichwani kwa miaka mingi walikuwa na pingili zilizolika kuliko wenzao wasiobeba. Pingili ikilika, mfupa huota vijichomozo pembeni, na pembeni ndiko matundu ya mshipa yaliko. Hivyo hata aliyezaliwa na matundu mapana anaweza kuyafinya polepole kadiri miaka inavyokwenda. Siwezi kumwambia mama aache kuteka maji. Ninachoweza kusema ni haya: mtoto wa shule asitwikwe dumu la mtu mzima, atafutiwe la lita tano. Ngata iwe nene na ikae katikati. Mwombe mwenzako akutwike, usilinyanyue peke yako huku umepinda shingo. Na ukiitwa kwa nyuma ukiwa umebeba, geuka na mwili mzima, usigeuze kichwa. Akina baba nao, dumu halichagui kichwa, na wenye pikipiki au baiskeli wana njia ya kuyaleta maji bila kichwa cha mtu kuumia.

Kwenye pikipiki nina neno. Ajali za bodaboda barabara za vumbi tunazijua. Mtu akianguka na kulala chini analalamikia shingo, au hajitambui, tabia yetu ni kumnyanyua haraka, mmoja kwapani, mwingine miguuni, kichwa kinaning'inia. Pingili iliyovunjika inaweza kuukata mshipa au uti wa mgongo wakati huohuo wa kumsaidia. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kisichezecheze, wengine wainue mwili kwa pamoja juu ya ubao au mlango. Na wazee wetu wanaounga mifupa, ambao wamewasaidia wengi mikono na miguu, nawaomba shingo waiache iende hospitali.

Wako pia watakaonisikiliza na kuanza kudhani kila kizunguzungu ni mshipa wa shingo. Hapana. Kizunguzungu kinachokuja ukigeuka kitandani, kikakaa chini ya dakika moja kikaisha, mara nyingi kinatoka kwenye sikio la ndani. Kinachokuja ukisimama ghafla kinaweza kuwa ni upungufu wa damu, maji machache mwilini, au dawa za presha zilizozidi. Malaria nayo ipo. Usiende kununua kola ya shingo kwa kubahatisha.

Na kiharusi kwa ujumla, kisababishi kikubwa katika nchi hii si umbo la mfupa. Kati ya 2003 na 2006 ulifanyika utafiti mkubwa wa kiharusi wilayani Hai na jijini Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai walipata wagonjwa wapya kama 109 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam karibu 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi vya nchi nyingi tajiri, na shinikizo la damu lisilotibiwa lilitajwa mbele. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu maeneo hayo mawili, watu wengi wa Dar es Salaam walikiona kiharusi kuwa kazi ya mashetani na uchawi, ilhali Hai walikitaja kwa presha, mafuta na msongo wa mawazo. Nadhani huku kwetu tumegawanyika vivyo hivyo, na hilo linaua, kwa sababu mwenye kuamini uchawi huanza kwa mganga na saa zinakwisha.

Presha inaungana na habari yetu ya shingo kwa njia moja: mshipa uliokakamaa kwa presha ya miaka mingi hauna uvumilivu mkubwa pale mfupa unapoubana. Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Aliyevuka miaka 40 apimwe hata kama haumwi. Zahanati nyingi zina mashine ya kupima presha.

Kwa vinyozi wa Karagwe na Kyerwa, vijana wangu, kazi yenu ni safi na inalisha familia. Kandeni mabega, kandeni kisogo kwa viganja, mwosheni mteja kichwa bila kumning'iniza shingo kwenye ukingo wa beseni. Mteja akiomba umvunje shingo, mwambie hapa hatuvunji. Na wewe mteja, kabla mashine haijawashwa, sema mapema: ninyoe, nikande, shingo usiizungushe.